Gasketi ya Silinda Hedi: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Lori likitoka Ruaha Mbuyuni na mzigo kamili, linaanza kupanda Kitonga likiwa limeshakula joto la bonde. Geji ya joto inapanda, dereva anashusha gia, na wengine hawafiki juu kabla ya kusimama pembeni na kumtuma tandiboi maji. Wakishafika Iringa fundi anapewa hukumu badala ya maelezo: gasketi imeungua, fungua hedi. Fundi anafungua, anaweka gasketi mpya, na baada ya wiki chache lori lilelile linarudi likichemsha vilevile. Mwongozo huu ni wa fundi huyo, na pia wa mwenye lori anayelipa mara mbili kwa kazi moja.

Nimechukua mfano wa Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33, kwa sababu barabara zetu zimejaa gari hili: silinda nne, lita 4.2, hedi moja ya chuma, valvu nane zinazosukumwa na pushrodi kutoka chini. Mpangilio wa kazi ni uleule kwa dizeli nyingi za zamani. Vipimo vya kukaza na vya unene vitoe kwenye kitabu cha injini unayoishika, maana injini mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana sana hapo.

Hatua ya kwanza: iache ipoe, kisha uliza

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mfuniko unaoshika presha ya baa moja huyawezesha maji kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua, presha inaondoka na maji yanakurukia usoni yakiwa mvuke.

Mfuniko huohuo ndio mshukiwa wa kwanza. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha huchemka kule kwenye nyuzi 95 hivi. Canter yenye mfuniko uliochoka springi inaweza kuzunguka Dar es Salaam bila shida yoyote, kisha ikachemsha ikifika nyanda za juu huku gasketi yake ikiwa nzima kabisa. Mfuniko mpya ni pesa ndogo ukilinganisha na kazi ya hedi. Anza nao.

Wakati injini inapoa, zungumza na dereva. Maji yanapungua kila siku, au ni siku ya mlima tu? Aliendelea kuendesha baada ya geji kufika kwenye nyekundu, na kwa umbali gani? Alimwagia injini maji ya baridi ikiwa ya moto? Hedi imewahi kufunguliwa? Muulize kwa upole, kwa sababu dereva anayehofia kukatwa mshahara atakuficha jambo lile hasa unalolihitaji. Hedi iliyomwagiwa maji baridi ikiwa ya moto ni hedi ya kuichunguza kwa nyufa, hata kama gasketi itaonekana ndiyo yenye kosa.

Hatua ya pili: jua imeungulia wapi

Gasketi ya hedi inatenganisha presha ya silinda, maji na oili. Ikiungua, viwili kati ya hivyo vinakutana, au kimojawapo kinatoka nje. Kila njia ina dalili zake, na kila dalili ina kitu kingine kinachoweza kuiigiza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo twende polepole.

Presha ya silinda kuingia kwenye maji ndiyo hali ya kawaida zaidi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata joto la kuyatanua, kuna presha inayoingia kutoka mahali pengine. Kipimo kizuri zaidi ni hiki: legeza na utoe mkanda wa feni ili wota pampu isivuruge maji, jaza rejeta hadi mdomoni, acha mfuniko wazi, kisha washa. Maji yakitulia, sawa. Yakitoa mapovu mfululizo, hasa ukikanyaga mafuta kidogo, presha ya silinda inapita. Usizidishe dakika moja, kwa sababu maji hayazunguki.

Kabla hujahukumu, jiulize kama lori lina breki za upepo. Kwenye Fuso kubwa na malori mengine mazito, kompresa ya breki hupozwa na maji ya injini. Gasketi ya kompresa ikiungua, upepo unaingia kwenye maji na kutoa mapovu yaleyale kwenye rejeta. Kinachotakiwa ni kufungua mipira ya maji ya kompresa, kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe, na kurudia kipimo. Mapovu yakikoma, umeokoa kazi nzima ya hedi. Hewa iliyobaki ndani baada ya kujaza maji upya nayo hutoa mapovu, ila hiyo huisha. Presha ya silinda haiishi.

Kuna pia dawa ya rangi ya buluu inayonusishwa hewa ya rejeta na kubadilika rangi ikikutana na gesi ya mwako. Inasaidia, lakini dizeli ikiwa silensa inachoma mafuta machache katika hewa nyingi, na gesi inayotafutwa na dawa hiyo inakuwa kidogo. Rangi ikibadilika, amini. Isipobadilika, usiiachilie gasketi bado.

Maji kuingia kwenye silinda huonekana kwa moshi mweupe asubuhi na injini kutikisika mwanzoni, kisha hutulia. Moshi mweupe hutokana pia na dizeli isiyochomeka, labda kwa nozeli inayodondosha au plagi za joto zilizokufa. Shika karatasi nyeupe mbele ya bomba la moshi kwa muda mfupi. Unyevu wa maji utakauka na kuiacha karatasi safi. Dizeli itaacha doa la mafuta, na moshi wake unawasha macho. Ikiwa starta inagonga mara moja na kukwama, usilazimishe. Huenda silinda imejaa maji, na maji hayabanwi: fimbo ya pistoni ndiyo itakayopinda. Toa nozeli zote kwanza, ndipo uzungushe.

Maji kwenye oili yanatisha kuliko yote, dipstiki ikitoka na kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Hata hivyo gasketi si mshukiwa pekee. Kipoza oili cha injini hii kimezungukwa na maji, na injini inapofanya kazi presha ya oili huwa kubwa kuliko ya maji. Kipoza kikitoboka, oili ndiyo inayokwenda kwenye maji. Ukiona rejeta imejaa mafuta mazito lakini gari haichemshi wala haina mapovu, kipime kwanza kipoza. Kwenye injini zenye silinda zinazoguswa na maji moja kwa moja, mipira ya chini ya silinda hizo nayo huvujisha maji kwenye sampu. Kuhakikisha kama kuna maji kweli, acha gari ilale, kisha asubuhi legeza taratibu bolti ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwa yamejitenga yatatangulia kutoka. Ukungu mweupe kidogo chini ya mfuniko wa oili, kwa gari linalotembea safari fupi, hautoshi kuwa ushahidi.

Aina ya mwisho ndiyo inayowachanganya wengi: gasketi imeungua kati ya silinda mbili. Maji hayapungui, oili ni safi, lakini gari halina nguvu na injini inakwenda kwa kuchechemea. Kwenye 4D33 yenye pampu ya kawaida, legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa silensa, ukiifunika kwa kitambaa na kuweka mkono mbali. Silinda nzima ukiikata, mlio unabadilika. Isiyobadilisha kitu ni dhaifu. Silinda mbili dhaifu zilizo jirani zinakuelekeza kwenye gasketi. Kipimo hiki usikifanye kabisa kwenye injini za kisasa za reli ya pamoja. Presha ya mafuta mle inazidi baa elfu moja, na dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha linaweza kuonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali.

Ukitaka uhakika, tumia upepo. Tafuta nozeli mbovu, toa vya ndani, chomelea kiungio cha mpira wa kompresa. Fikisha pistoni juu kabisa valvu zote mbili zikiwa zimefunga, weka gia, zuia magurudumu kwa kabari, kisha ingiza upepo na usikilize. Upepo ukitokea rejeta, ni gasketi au ufa. Ukitokea tundu la nozeli ya jirani, ni gasketi kati yao. Ukisikika kwenye mfuniko wa oili, ringi zimechoka. Ukisikika kwenye bomba la hewa au la moshi, ni valvu. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote, maana mwenye gari anasikia kwa masikio yake mwenyewe na hakuna ubishi wa bei baadaye.

Hatua ya tatu: tafuta kilichoiunguza

Gasketi nzuri iliyokazwa sawasawa inadumu miaka. Ikiungua, kuna kilichoipeleka huko, na ukikiacha kitaunguza na ya pili. Angalia rejeta kwa nje: malori yanayobeba mazao shambani hujaza makapi na wadudu kati ya mapezi mpaka hewa haipiti. Angalia ndani: maji ya kisima yasiyo na kulanti huacha chokaa na kutu. Tazama kama kava la feni lipo. Wengi hulitoa na kulitupa, na bila lile kava feni inazungusha hewa ileile pale pale badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Kisha termostati. Kuna mazoea ya kuitoa kabisa ili "maji yazunguke vizuri". Kwenye injini nyingi termostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi bila kupita rejeta. Kwenye tambarare huoni tatizo. Mlimani unaliona. Weka termostati mpya, nayo ijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka.

Usisahau pampu ya dizeli iliyosogezwa ili gari "lipate nguvu". Mafuta yakiingia mapema mno, presha na joto la silinda hupanda, na gasketi ndiyo inayolipa.

Hatua ya nne: kufungua

Toa betri, mwaga maji na oili, inua kebini na uhakikishe nondo ya kuishikilia imekaa kwenye nafasi yake kabla ya kuingiza kichwa. Ziba kila bomba la dizeli unalolifungua kwa kitambaa safi au plastiki. Punje ya mchanga inatosha kuua nozeli.

Chukua boksi la katoni, toboa matundu manane, andika namba, na uchomeke kila pushrodi kwenye tundu lake. Kila moja imezoeana na roka yake na inapaswa kurudi hapohapo. Bolti za hedi zilegeze injini ikiwa baridi, kwa awamu, ukianzia pembeni kuja katikati. Hedi hii ya chuma ni nzito, kwa hiyo tafuta mnyororo au watu wa kutosha. Ukishaitoa usiilaze kifudifudi kwenye sakafu kama nozeli bado zimo, kwa sababu ncha zake zimejitokeza chini ya uso wa hedi na zitavunjika.

Hatua ya tano: isome gasketi ya zamani

Usiitupe. Ifute taratibu, iweke kwenye mwanga, na uipitie pete kwa pete. Palipopita moto pana mstari mweusi unaokatiza kutoka ukingo wa silinda hadi tundu la maji, au hadi silinda ya jirani, na pete ya chuma hapo huwa imekonda au imekatika. Ukiona mstari mmoja, kagua hedi na bloki mahali hapohapo kwa kucha. Mara nyingi utakuta kijishimo kilicholiwa na moto. Ukiona gasketi nzima imeng'aa kidogo na alama za pete hazikukandamizwa sawa, bolti hazikuwa zimekazwa ipasavyo. Na kama hakuna mstari popote, simama. Huenda tatizo ni ufa wa hedi, na gasketi ni nzima.

Hatua ya sita: pima hedi na bloki

Kama kuna hatua moja ninayomwomba fundi asiiruke hata mwenye gari akimharakisha, ni hii.

Safisha nyuso zote mbili kwa skrepa na petroli kidogo, mbali na moto. Usitumie mashine ya msasa ya kuzunguka: huchimba mabonde usiyoyaona, na unga wake unaingia kwenye oili na kula beringi. Kisha chukua rula nene ya chuma iliyonyooka kweli, isiwe ya shule wala kipande cha fremu ya dirisha. Iweke kwa urefu pande zote mbili, kwa upana mwanzoni na mwishoni, na kwa pembe mbili zinazokatizana. Kila mahali jaribu kupitisha fila chini yake. Kwangu mimi, fila ya milimita 0.05 isipopita popote naridhika. Ikianza kupita naenda kwenye kitabu kuona kikomo cha injini hiyo. Fanya hivyohivyo juu ya bloki. Mafundi wengi hupima hedi na kuisahau bloki, na gasketi inakaa kati ya hizo mbili.

Kwa nyufa, njia ya zamani bado inafanya kazi. Paka mafuta ya taa eneo lililo kati ya valvu, acha yaingie, futa yakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Penye ufa, mafuta ya taa yatatoka tena na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiwa na karakana inayoweza kuziba hedi, kuijaza upepo na kuizamisha kwenye maji ya moto, ni bora zaidi, kwa sababu baadhi ya nyufa hufunguka hedi ikipata joto tu.

Hedi iliyopinda huchongwa kwenye mashine, ila kuchonga kuna gharama yake. Valvu zinasogea karibu na pistoni na ncha ya nozeli inajitokeza zaidi. Baada ya kuchonga, pima kina cha valvu na upandishe nozeli kwa washa inayofaa ikibidi. Baadhi ya injini huuziwa gasketi za unene tofauti, zenye alama za vikato au matundu ukingoni, na unene huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyojitokeza juu ya bloki. Toyota 3L na 1KZ-TE ni za namna hiyo. Kununua kwa kukisia dukani ni kubahatisha.

Hatua ya saba: kufunga

Puliza kila tundu la bolti kwa upepo mpaka likauke. Oili au maji yaliyobaki chini ya tundu lisilo na mlango wa pili hayabanwi, na bolti ikikazwa juu yake inaweza kupasua bloki. Pitisha bolti kwa mkono. Ikigoma, safisha nyuzi. Bolti zinazokazwa kwa pembe hurefuka, kwa hiyo zipime urefu au uweke mpya.

Gasketi ikae kavu isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine. Silikoni uliyoipaka kwa nia njema itajikamua na kuziba njia ya oili ya roka. Hakikisha maandishi ya juu yako juu, na kila tundu la oili liko wazi.

Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa toki renchi. Mfano wa jinsi kitabu kinavyoagiza ni Cummins 6BT ya lita 5.9 yenye valvu 12: bolti zote Nm 90, kisha zile ndefu Nm 120, kisha zote nyuzi 90 za mzunguko. Yako itakuwa na namba zake. Chunguza pia kizio kilichoandikwa kwenye toki renchi. Nyingi zina namba za pauni-futi, na anayesoma 120 hapo wakati kitabu kimesema Nm 120 amekaza hadi Nm 163 hivi. Bolti inayovutwa hivyo inachoka kabla hata gari haijawaka.

Rudisha pushrodi, kaza roka, panga tapeti.

Hatua ya nane: kuwasha na kujaribu

Kama maji yaliingia kwenye oili, weka oili ya bei nafuu na filta, washa dakika chache, mwaga, ndipo uweke ile nzuri. Jaza maji yaliyochanganywa na kulanti taratibu, hewa itoke. Pampu dizeli kwa mkono mpaka hewa iishe kwenye mabomba, kisha washa.

Rudia kipimo cha mapovu na cha mpira wa juu wa rejeta. Halafu mpe dereva gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo, maana gasketi inayovuja kidogo huonekana kwenye mlima na mzigo, haionekani gereji. Mwambie akague maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Baada ya kilomita elfu moja hivi alirudishe upange tapeti upya, na kama mtengenezaji wa gasketi anataka bolti zirudiwe, zirudie injini ikiwa katika hali aliyoitaja, baridi au moto, kwa mpangilio uleule wa kutoka katikati.